Uji wa Mapatano

Marcella alimpenda mwanawe wa pekee, Gichovi, kama mboni ya jicho lake. Tangu amzae hakuwahi kumchapa hata kofi, kwa kuwa machozi ya kijana yule yalimkata maini. Alipopanda cheo akawa msimamizi wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha kahawa karibu na Runyenjes, alimtafutia kazi ya kupima kahawa kwenye mizani. Mama gani asingefanya hivyo?

Siku moja wakati wa chai, Wawira, msichana aliyeanika kahawa pale kiwandani, alimfuata Marcella.

"Mama Gichovi, kijana wako ananishikashika nikifika kwa mizani. Nimemkataza, hasikii. Leo ameniambia nikiendelea kuringa nitamjua. Tafadhali, ambia kamati."

Marcella alishtuka. Kamati ya kiwanda haikuwa na mzaha na mambo hayo, na Gichovi angefutwa kazi.

"Mwanangu, hao ni vijana tu," alisema kwa sauti tamu. "Kamati ya nini? Kuja kwangu Jumapili tuongee."

Jumapili, baada ya ibada, aliwaketisha wote wawili, akawapa uji katika kibuyu kimoja, kama wapatanishwavyo majirani waliogombana. Lakini Wawira alikuwa amegombana na nani? Gichovi aliugida uji, akapangusa midomo, akacheka. Wawira alionja kidogo tu, kwa kumstahi mkubwa wake. Marcella akaomba sala ndefu, akajiona mpatanishi hodari. Kesho yake, ili wawili hao wasikutane tena, alimhamishia Wawira kwenye stoo ya magunia nyuma ya kiwanda, afanye kazi peke yake.

Masikini, alimpeleka kuku kwa kicheche! Wiki haikuisha kabla Gichovi hajamfuata huko. Wawira alipomsukuma, kijana alimpiga vibaya akamvunja mkono. Mayowe yake yalisikika hadi barabarani, watu wakaja mbio wakamkamata Gichovi, wakampeleka polisi.

Hospitalini, Marcella alimkuta Wanjira, mama yake Wawira, ameketi kando ya kitanda.

"Mama Gichovi," Wanjira aliuliza polepole, "mtoto wangu alikuwa amekuambia?"

Marcella aliinamisha kichwa. Laiti angepeleka shauri lile kwa kamati, mwanawe angepoteza kazi tu, na Wawira angekuwa mzima. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kituo cha polisi, alikokuwa amefungiwa Gichovi.

"Aliniambia mapema," alimwambia askari. "Nilijua, nikanyamaza."

"Mama, unanimaliza!" Gichovi alilia kama mtoto mdogo.

Kwa mara ya kwanza maishani, Marcella alimwacha alie. Kijana alifungwa miaka mingi. Wawira alipona, ila mkono wake haukunyooka tena, na kiwandani hakurudi. Kila akimwona sokoni amebeba kikapu kwa mkono mmoja, Marcella hujifunika uso kwa leso. Wahenga hawakukosea waliposema, mchelea mwana kulia hulia yeye.