Kipimo cha Mzee Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majirani wa kuwasengenya, kiangazi kilikausha mito yote. Kikabaki kisima kimoja, naye Mzee Ndovu akakikalia kama kiti cha baba yake.

"Maji ni machache!" akanguruma. "Watakunywa wenye akili tu. Na akili nitaipima mimi mwenyewe!"

Kipimo chenyewe sasa! Kutaja madimbwi yote ya njia ya kusini, moja baada ya jingine. Nyati akayataja. Kifaru naye akayataja, kwa kukwamakwama. Si ndio wanaoongozana na Ndovu kila mwaka?

Ikafika zamu ya Bi Pimbi, yule mdogo akaaye majabalini. Maskini, tangu azaliwe hajavuka bonde. Angeyajulia wapi madimbwi ya kusini?

"Huna akili wewe. Nenda zako!"

"Wanangu wamekauka ndimi, mzee wangu."

"Nimeshasema!"

 Bi Pimbi akawaza: kanipima kwa njia zake huyu, na mimi nina zangu. Akapangusa machozi, akajifanya mnyonge kabisa.

"Basi mzee, niage kwa kitendawili kimoja tu, cha kitoto."

Ndovu akacheka mpaka masikio yakampiga mashavuni, pwa! pwa! "Mjinga naye anatega! Haya, tega!"

"Babu yetu hali, hanywi, lakini jua likizama hutupasha joto."

"Moto!"

"Moto haushibi kuni, mzee."

"Jua!" akadakia Nyati.

"Limeshazama hilo, shemeji."

"Lundo la mavi!" akasema Kifaru. Wanyama wakavunjika mbavu.

Ndovu hakucheka. Alitafuta kila kona ya kichwa chake kikubwa, asipate kitu. Na mila ni mila: ukishindwa kitendawili, unampa mtegaji mji.

"Nakupa mji," akanong'ona. "Chukua mji wa kusini."

"Aka! Siujui, siutaki. Nipe hapa kisimani."

Loo! Wanyama wote wakamkodolea Ndovu macho. Akivunja mila, nani atamheshimu tena?

"Haya, chukua."

Bi Pimbi akasimama wima. "Nimekwenda kisimani, nikanywa, wanangu wakanywa, na kila mwenye kiu akanywa, hata wewe mzee. Jibu ni mwamba. Mchana jua huuchoma, usiku tunaulalia, una joto."

Ndovu akamwinamia. "Ulifundishwa na nani?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nimeulalia tangu utotoni. Wewe hujawahi kuulalia, ungejuaje? Ndivyo nilivyo mimi kwa madimbwi yako."

Ndovu aliona haya, wanangu, haya kweli. Akajivuta pembeni polepole, na watoto wa Pimbi wakapenya katikati ya miguu yake, wakainamia maji: kup! kup! kup!

Basi jueni: apimaye akili za wenzake kwa yale aliyojifunza yeye, amejipima mwenyewe tu.