Ukoko na Ufunguo wa Ghala

Hapo zamani, mwaka ambao mvua ililipita bonde na mpunga ukakauka ungali mchanga, palikuwa na nyumba moja yenye wanawake watatu jikoni: Bi Shambe, mke wa Mzee Faki, na wake wa wanawe wawili, Mize mkubwa na Siwema mdogo. Siwema alikuwa ananyonyesha.

Ghala lilikuwa la Mzee Faki, na ufunguo aliuvaa shingoni. Kila siku mchele aliupima yeye, wanawake wakapika, wanaume wakala kwanza barazani, na wanawake wakala kilichorudi. Miaka ya neema kilirudi cha kutosha. Mwaka ule sinia lilikwenda limejaa, likarudi linang'aa. Cha jikoni kilikuwa ukoko tu, ule wali unaoshika chini ya chungu, kwa kuwa mwanamume kula ukoko ilikuwa aibu.

Siwema akaanza kukaukiwa maziwa. Mtoto alivuta, akaachia, akalia. Alivuta tena, akaachia, akalia. Kisha hata kilio chake kikapungua, na hapo ndipo Siwema alipoogopa kweli. Akamwambia mumewe, Haji. Haji akasema atazungumza na baba. Hakuzungumza.

Siku moja Siwema alimwona Mize akipika vibaya makusudi. Wali ulipokauka maji, alipalia makaa juu ya kifuniko kama kawaida, lakini kuni za chini hakuziondoa. Aliziacha ziwake. Siwema alitaka kusema kitu, Mize akamtazama tu. Walipopakua, chini palibaki ukoko mnene kama mkate. Mize akaumega vipande vitatu, na kikubwa akampa Siwema.

Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Sinia likazidi kwenda pungufu. Haji akamuuliza Mize kama siku hizi anapika wali au anachoma matofali. Mize akamjibu kwamba kuni ni mbichi, shemeji aende mwenyewe akakate kavu. Na mtoto akanyonya, akashiba, akalala.

Lakini Mzee Faki hakuwa mjinga. Adhuhuri moja aliingia jikoni, ambako hakuwa na desturi ya kukanyaga, akafunua chungu, akatia mkono. Akauliza ni nani anayemwibia wali wake, maana huyo atarudi kwao leo hii.

Mize akafungua mdomo, sauti isitoke.

"Ni mimi," alisema Bi Shambe. "Nipe talaka yangu."

Wote walijua kwamba Bi Shambe hakuwa amegusa moto mwaka mzima. Mzee Faki alimkodolea macho, akavuta pumzi, na Siwema akaona kwamba neno la talaka linakuja. Hakungoja. Aliubandua ukoko, akauweka kwenye sinia, akampita mkwewe, akaenda kuutua katikati ya wanaume. Akaketi hapo hapo, akamega, akala mbele yao.

"Hiki ndicho tunachokula," alisema. "Anayekiita wizi, na ale nami."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Haji aliangalia mkeka.

Mzee Faki akamfuata hadi barazani, Mize na Bi Shambe wakiwa nyuma yake. Kisha akavua ufunguo, akauweka chini.

"Aliyeilisha nyumba hii mwaka huu si mimi. Auchukue. Lakini awe mmoja. Nikirudi kutoka msikitini mkiwa bado mnabishana, unarudi shingoni mwangu."

Alipokuwa akitoka, Siwema alimwona akitabasamu. Akajua kwamba anategemea wagombane.

Wakagombana.

"Mlipokuwa mnalia, mimi nilifikiri," alisema Mize. "Maneno ya wali mbovu nimeyameza mimi. Bila moto wangu, huyo mtoto angekuwa wapi?"

"Lakini ulipoulizwa, dada, ulinyamaza," alisema Siwema.

"Ninyi mna kwenu," alisema Bi Shambe. "Wangu wote wamekufa. Angelitamka lile neno, ningelala wapi?"

"Mama, na kula kilichorudi nani alitufundisha?" alisema Mize. " Siku ya kwanza kuja hapa nilichota kabla yao, na wewe ndiye uliyenipiga mkono."

"Nami nilipigwa," alisema Bi Shambe.

Siwema akawaambia kwamba wao walificha, naye akasema. Ufunguo uko pale mkekani kwa sababu amesema.

"Umesema bila kutuuliza," Mize akamjibu. "Umezichezea kamari ndoa zetu mbili pamoja na yako."

Hapo wakamsikia Mzee Faki akikohoa njiani. Wote watatu waliutazama ufunguo, na hakuna aliyeugusa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, semeni kabla hajafika mlangoni. Yuko aliyeuacha moto uwake, yuko aliyejitwika kosa lisilo lake, yuko aliyekula mbele yao. Je, ufunguo ulikuwa wa nani?