Fimbo ya Puli ya Tunu Mkaanga Chipsi

Msinibishie, nilikuwepo. Tunu mkaanga chipsi na Bwana Kyando mwenye baa walikuwa na fimbo za puli zilizofanana kama punje za mtama. Ya Bwana Kyando ilikuwa imepinda kwa kuachwa juani, ila huoni mpaka uiviringishe mezani. Walipokutana fainali ya puli pale baa, Bwana Kyando akaiegemeza yake ukutani, akanyakua ya Tunu.

"Hii yangu! Naijua hata nikifumba macho."

"Basi fumba, bosi. Nikupe moja moja. Utakayoikataa ndiyo yangu, na hawa wote mashahidi."

Tunu akaipokea fimbo, akamfunga kitambaa machoni, akampa ya kwanza. Bwana Kyando akaipapasa. "Mh! Gogo la kuni hili. Ondoa!"

Akampa ya pili. "Ahaa, laini kama mkono wa bi harusi! Hii ndiyo yangu."

Watu wakaangua kicheko. Akavua kitambaa, akaiona fimbo yake bado imeegemea ukutani, haijaguswa.

"Nimekupa hiyo hiyo mara mbili, bosi," Tunu akasema. "Ungeikubali kwanza, ungeikataa baadaye. Haya, lete gogo langu la kuni nikufunge nalo."