Mtoto Asiyelalamika

Ndugu zangu, hebu waacheni hao watoto wachezee mikoba yenu kidogo, mnisikilize.

Kulikuwa na mjane mmoja, mshonaji wa sare za shule. Hakujaliwa kuzaa, na tangu mumewe afariki nyumba yake ilikuwa kimya mno. Asubuhi alifungua redio, si kwa ajili ya habari, bali asikie tu sauti ya mtu ndani ya nyumba. Upweke ulipomzidi akaenda kituo cha watoto yatima, akafuata taratibu zote, akakabidhiwa binti wa miaka sita. Siku ya kumleta, kina mama wa kanisa walijaa uani kwa vigelegele na pilau. Halafu? Halafu wakaenda zao. Sisi tunajua sana kusherehekea, na tunajua sana kuondoka.

Mjane alikuwa na ng'ombe mmoja, na kwake yeye kumpenda mtoto kulikuwa ni kumpa maziwa. Kikombe kikubwa asubuhi, kingine jioni. Binti alikunywa mpaka tone la mwisho, akasema, "Asante, mama. Nimeshiba." Hakubakiza kitu, hakuomba kitu. Lakini hakunenepa. Tumbo lilijaa gesi likawa gumu, mikono ikabaki myembamba, na akienda chooni alikawia mpaka mama akaingiwa na wasiwasi.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

"Na tumbo je?"

"Sijambo, mama."

Nanyi mnatujua. Mtu amefiwa jana, ukimwuliza habari anasema ni nzuri. Tunawafundisha watoto jibu hilo kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Mjane akalipokea kama jibu la daktari. Jirani yake naye akamwambia, "Dada, mshukuru Mungu! Wangu akijikwaa, mtaa mzima unajua. Huyu wako ana adabu. Mwongezee maziwa tu, atanawiri." Akamwongezea.

Basi wakakaa mezani wawili, kila mmoja na upweke wake, kila mmoja akiogopa kumuudhi mwenzake.

Mchana mmoja mama aliacha cherehani akaenda kuanika kitambaa. Akamkuta binti amechuchumaa nyuma ya banda la ng'ombe, anafua chupi yake haraka haraka kwa maji matupu, huku amejikunja kwa maumivu. Alipomwona mama akapiga magoti kwenye matope.

"Usinirudishe, mama. Nitafua mwenyewe. Sitaumwa tena."

"Nani amekwambia nitakurudisha?"

"Rafiki yangu alichukuliwa, akawa anaumwaumwa. Wakamrudisha."

Mama alimbeba vile vile na matope yake mpaka hospitali. Na huko, jamani, upweke ukamkuta upya. Daktari akauliza: alinyonya mpaka lini? Alianza lini kuharisha? Kwao kuna mwenye shida ya tumbo? Wale kina mama wengine waliokuwa kwenye benchi walikuwa wakijibu hata kabla hawajamaliza kuulizwa. Yeye kila swali alisema, "Sijui." Alijiona kama amekamatwa akiwa na mtoto wa watu. Mwisho akamgeukia binti.

"Mimi sijui, mwanangu. Wewe ndiye unayejua. Sema, na ukishasema tunarudi nyumbani wote wawili."

Binti akamtazama sana. Kisha akanong'ona, "Maziwa. Hata kule kituoni yalikuwa yananiumiza tumbo."

Mnasikia? Kile alichopewa kwa upendo ndicho kilichokuwa kikimtesa, naye alikimeza ili aendelee kupendwa. Daktari akaagiza choo kipimwe, akampa dawa ya minyoo, akasema tumbo la mtoto huyu halipatani na maziwa, yasimamishwe. Tumbo likaanza kushuka polepole.

Asubuhi moja jirani akasikia kelele. "Mama! Uji huu siutaki, una moto! Na nywele umenisuka kwa nguvu, kichwa kinauma!" Jirani akaja mbio, pole imemjaa mdomoni. "Dada, kumbe naye ameanza ukorofi?" Akamkuta mjane ameegemea mlango, analia na kucheka kwa pamoja.

"Niache, dada," mjane akasema. "Leo ndiyo nimepata mtoto."

Sasa tuje kwetu sisi. Majumbani mwetu tuna watoto wa ndugu waliofariki, watoto wa vituo, watoto wa mume. Tunasimama hapa mbele kushuhudia: huyu mtoto hana shida, hasumbui kabisa. Hana shida, au hana wa kumwambia? Hasumbui, au anajificha nyuma ya banda? Wewe uliyemzaa mtoto, unajua tumbo lake lilivyoanza. Wewe uliyempokea akiwa mkubwa hujui, na hakuna aibu katika kutojua. Aibu ni kuridhika na ukimya wake.

Na mbele za Mungu nasi tuko hivyo hivyo. Tunaimba, tunashukuru, tunasema tumeshiba, na ndani tumejikunja. Tunaogopa nini? Baba yetu hamrudishi mtoto kwa sababu anaumwa. Hilo mnalijua, nimewahubiria mara nyingi, na mmeitikia amina kwa sauti kubwa.

Lakini yule mtoto uliyemwacha nyumbani leo, atajuaje kwamba na wewe hutamrudisha? Umewahi kumwambia?