Muhuri wa Fisi na Visima vya Pimbi

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa chuo kikuu.

— Kikafunza nini?

— Hilo ndilo tunalotaka kujua. Sogeeni karibu.

Hapo kale wanyama walikuwa na vyuo vikuu vingi, na mkaguzi wa ubora alikuwa mmoja tu, Fisi. Nani alimchagua? Alijichagua mwenyewe, na kwa meno yale nani angepinga? Sheria yake ilikuwa fupi. Chuo chenye ubora kinapigwa muhuri. Chuo kisicho na ubora kinafungwa, na wanafunzi wake wanakabidhiwa kwa mkaguzi. Yaani tumboni.

Na ubora ni nini? Fisi alisema, "Ubora ni jalada nene."

Basi akaenda Chuo cha Kuogelea, mkuu wake Paka. Pale hakuna aliyewahi kulowa hata ukucha. Lakini mawe ya njiani yamepakwa chokaa, pilau imeiva, jalada limenona. Fisi akala, akalipima jalada mkononi, akapiga muhuri: pa!

Akaenda Chuo cha Kusuka Viota, mkuu wake ndege Mnana. Viota vinaning'inia, upepo unavitikisa, havidondoki. Jalada? Ukurasa mmoja. Fisi akakifunga chuo. Nyam! Nyam! Mpaka leo nikilisema hili roho inaniuma.

Hatimaye ikaja zamu ya Pimbi, yule mdogo wa mawemawe asiye na mkia. Chuo chake kilifunza kuchimba visima, na kiangazi kile nyika nzima ilikuwa inakunywa kwake. Jalada hakuwa nalo.

"Mwalimu," Digidigi wa mwaka wa tatu akalia, "si aje aonje maji tu?"

"Mwanangu, huyu haonji maji. Anapima majalada."

"Basi tumekwisha!"

Pimbi akavitazama visima vyake saba, akahuzunika kweli. Kisha akasema, "Leteni chokaa. Na mnibandulie magome ya miti, tuandike."

Wakaandika siku tatu, kurasa mia.

Siku ya ukaguzi Fisi akaja, tumbo mbele. Akapita kisima cha kwanza, hakutazama. Akapita cha pili, hakutazama. Akavipita vyote saba, hakutazama. Akaketi mbele ya pilau.

"Jalada!"

Wanafunzi wanne wakalibeba, wakalitua mezani: puu!

"Lo! Huu ndio ubora," Fisi akasema, wali ukimdondoka.

"Mheshimiwa hutasoma?"

"Nisome ili iweje? Unene nauona."

"Mheshimiwa, kweli hutasoma?"

"Wee Pimbi, usinipotezee muda!"

Pa! Pa! Pa! Kila ukurasa muhuri.

Ndipo Pimbi akafungua ukurasa wa sabini, akasoma kwa sauti: "Mimi Fisi nimejikagua, nikaona sijui kazi yoyote. Kuanzia leo ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kuchimba visima, na sitamla mwanafunzi mwenzangu." Akainua macho. "Muhuri huu ni wako, Mheshimiwa?"

Wanyama waliokuja kunywa maji walisikia wote, Nyati na pembe zake akiwa mbele. Fisi akafikiri. Akiukana muhuri mmoja, mihuri yote imekufa, na pilau zote zimekwenda.

"Ni wangu," akasema kwa sauti ndogo.

Akapewa jembe. Ti! Ti! Ti! Miezi mitatu, viganja malengelenge matupu. Siku maji yalipobubujika akanywa, gudugudu.

"Mwalimu," akasema, "vile viota vya Mnana... havikuwa vinadondoka."

"Havikuwa vinadondoka," Pimbi akajibu.

Fisi akashika tena jembe. Na msidhani Pimbi alifurahi. Chuo chake kilipona kwa jalada, na visima vilikuwepo tangu mwanzo.

Fundisho, wanangu: visima si kitu. Andikeni majalada manene, na mkishika muhuri msisome, maana kusoma kunachelewesha maendeleo.

Hadithi yangu imefika kisimani. Ikiwa tamu, inyweni. Ikiwa chungu, ipigeni muhuri.