Ngedere Mwenye Kiti

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kanisa!
La makuti!
Pakawa na kiti!
Kimoja tu!
Basi wa mbele asogee, wa nyuma asisinzie.

Hapo kale, ngedere alipokuwa bado anajua kukaa akatulia, wanyama walikuwa na kanisa lao kilimani. Mchungaji wao alikuwa Kunguru. Msicheke! Kola nyeupe alizaliwa nayo. Waumini walikaa kwenye magogo.

Siku moja Mchungaji akatangaza, "Vijana, Jumapili mnachagua mwenyekiti wenu."

Ngedere roho ikamruka. Uongozi aliutaka kama mtoto anavyotaka andazi. Lakini mwenyekiti ni nani hasa? Akawaza, akajikuna, akawaza tena. "Aa! Mwenyekiti ni mwenye kiti!"

Akakata mninga, akaranda, akapiga msasa. Jumapili akaja na kiti kichwani, akakiweka mbele, akaketi. "Wapendwa, mwenye kiti hapa ni nani?"

Vijana wakatazama magogo yao. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Wakampa uenyekiti.

Uongozi ukaanza. Ukaanza kwa kukaa.

Mvua ikanyesha, paa likavuja. "Mwenyekiti, njoo utushikie ngazi!" Ngedere akakumbatia kiti chake, akaimba:

Sinyanyuki, sinyanyuki,
nikinyanyuka nitakuwa nani?

Palizi ikafika kwenye shamba la kwaya. "Mwenyekiti, jembe hili hapa!"

Sinyanyuki, sinyanyuki,
nikinyanyuka nitakuwa nani?

Mtungi wa kanisa ukakauka. "Mwenyekiti, twende mtoni!" Alijibu nini? Haya, imbeni wenyewe, mimi nimeze mate!

Wala hakuwa mvivu, jamani. Aliogopa. Aliamini kabisa kwamba akinyanyuka, mwingine ataketi, naye atabaki ngedere mtupu. Hata Mchungaji alipohubiri jinsi Bwana alivyojifunga taulo akawaosha wanafunzi wake miguu, Ngedere aliitikia "Amina!" kwa nguvu kuliko wote. Amekaa.

Mwaka ukaisha. Mchungaji akasema, "Jumapili hii tunapiga kura. Abaki au aondoke."

Ngedere akamwita katibu wake, Nguchiro, binti mdogo wa mwili, mkubwa wa akili.

"Dada Nguchiro, nitapona kweli? Nifanye nini wanichague tena?"

"Kaka, kuna maneno mawili tu. Mwenyekiti akiyatamka kanisani, watu wote watampenda. La kwanza linaanza na *ka*. La pili linaanza na *ki*."

"Niambie basi!"

"Ukiambiwa hayafanyi kazi." Huyo akaondoka, anauma ulimi asicheke.

Jumapili ikafika. Kanisa likajaa pomoni, hakuna gogo lililobaki. Mara mlangoni akatokea Bibi Nungunungu. Ametembea tangu alfajiri kutoka ng'ambo ya mto, anahema. Akaja akasimama kando ya kiti cha Ngedere. Ngedere hata hakumwona. Alikuwa anatafuta maneno.

"Kaeni kimya!" akapayuka. Kanisa likanuna. Nguchiro akatikisa kichwa.

"Kazi kidogo!" Wavivu watatu wakapiga makofi. Nguchiro akatikisa kichwa.

Jasho likamtiririka Ngedere. Akafumba macho. "Ka... ki... ka... ki... KARIBU KITI!"

"Asante, mjukuu wangu," akasema Bibi Nungunungu. "Mungu akubariki. Hata kwetu nitasimulia habari zako."

Lo! Maji yakimwagika hayazoleki. Kanisa zima limesikia! Ngedere akafumbua macho, akanyanyuka. Mguu mmoja. Mguu wa pili. Mkia. Bibi akaketi: "Aaah!"

Vigelegele vikalipuka mpaka makuti yakapeperuka. Ngedere akasubiri afe. Hakufa. Akajipapasa masikio, akajipapasa tumbo. Bado ni yeye! Ila mikono, mwaka mzima ilikuwa inashika kiti, sasa haina kazi. Akaona Bibi ana kiu. Akainamisha mtungi: mkavu. Akashika ndoo, mbio mtoni, mbio kurudi, akamnywesha. Tone la mvua likamdondokea puani. Akatazama juu, akaparamia ukuta, huyo juu ya paa. Kumbe ngedere alikuwa na haja gani na ngazi?

"Anayemtaka Ngedere aonyeshe!" akasema Mchungaji. Mikono ikapanda, mbawa zikapanda, mikia ikapanda. Mwenyewe hakusikia. Alikuwa anapanga makuti, anaimba:

Nimenyanyuka, nimenyanyuka,
kumbe mimi ni mimi!

"Mwenyekiti!" Nguchiro akamwita. "Shuka, umeshinda! Bibi ameshapumzika, kanyanyuka, njoo ukae!"

Ngedere akashuka kwa shangwe, akajitupa kitini puu!

"YALAAA!"

Akaruka mpaka kwenye boriti. Bibi Nungunungu alikuwa amemwachia miiba kumi na saba.

Bibi akaziba mdomo kwa aibu. "Mjukuu wangu, nisamehe!"

"Usijali, Bibi," akasema Ngedere huku anajishika nyuma, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimepona!"

Tangu siku hiyo ngedere hakai. Yuko huku, yuko kule, tawi hili, tawi lile. Na ninyi vijana mnaoniangalia hivyo, mnaovitamani vyeo vya kwaya na kamati, vitakeni tu, si dhambi. Ila kabla ya kukalia, papaseni kwanza.

Ngano yangu imenyanyuka, nami nanyanyuka nayo. Kiti kiko wazi. Nani huyo amesimama mlangoni?

Karibu kiti!