Picha Mia na Arobaini na Mbili

Jumanne ya tarehe tisa Juni, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mtu mmoja aliyekuwa na nyumba ndogo alipata habari kwamba mgeni wake mkubwa anakuja. Mtu huyo alikuwa mwanamke, jina lake Sekela, mshonaji wa sare za shule katika mji mdogo wa milimani, mahali ambapo mwezi wa Juni ukungu huingia mpaka ndani ya kabati. Aliyeleta habari ni mumewe, Ipyana. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu, akasema, "Baba atakuja kula kwetu. Jumapili ya tarehe ishirini na nane." Sekela alikuwa na suruali ya mtoto wa darasa la pili chini ya sindano ya cherehani. Aliondoa mguu kwenye pedali, na suruali ile haikuisha siku hiyo.

Yafaa mjue uzito wa habari ile. Katika ukoo wa Ipyana, baba mkwe na mkazamwana hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamke huiacha njia na kuugeuzia uso wake migomba mpaka mzee apite. Lakini desturi hiyo ina mwisho wake. Siku moja mzee huja nyumbani kwa mwanawe, huketi, hula chakula kilichopikwa na mkazamwana wake, kisha husema maneno ya baraka akilielekea pazia linaloigawa nyumba. Mwanamke huitikia akiwa nyuma ya pazia. Ndipo mzee hupitisha blanketi pembeni mwa pazia lile, mkono kwa mkono, uso usione uso. Tangu siku hiyo mwanamke ni mtoto wa nyumba. Anaweza kumwamkia mzee na akaitikiwa. Sekela alikuwa ameolewa miaka minne. Mke wa mdogo wake Ipyana, aliyeolewa juzi tu, alikwisha kupewa blanketi lake. Na mzee alikuwa na miaka sabini na tisa, kifua chake kibovu, na kutoka kwake hadi pale ni mwendo wa saa mbili za kupanda. Hakuna aliyesema, lakini wote walijua kwamba safari ile hangeifanya mara nyingi.

Basi Sekela aliitazama nyumba yake, akaona aibu. Sebule ilikuwa moja, imekatwa katikati na pazia lililoning'inia kwenye waya. Upande wa mbele kulikuwa na kochi lililobonyea na ukuta wenye michirizi ya mvua. Upande wa nyuma kulikuwa na jiko, masufuria, na mlango wa chumba cha kulala. Pazia lenyewe lilikuwa la kahawia, na chini kulikuwa na alama ya pasi iliyowahi kuliunguza. Fedha za kutengeneza nyumba hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni mikono yake na simu. Alianza kutafuta humo nyumba za watu wengine: nyumba nzuri, za gharama ndogo, zilizopambwa na watu wasio na kitu. Kila aliyoipenda aliihifadhi. Kufikia Ijumaa alikuwa na picha mia na arobaini na mbili. Alizipanga kwa rangi, kisha akazipanga upya kwa ukubwa wa dirisha, kwa sababu aliogopa kuiga chumba chenye mwanga ambao yeye hana.

Wala sitamsingizia. Alifanya kazi nzuri. Alinunua nusu ndoo ya rangi nyeupe iliyobaki baada ya watu kupaka zahanati. Akachuja udongo mwekundu kwa kitambaa cha shati, akatia vijiko saba, akakoroga, akajaribu nyuma ya mlango, akaongeza nusu kijiko. Ukuta ukapata rangi ya yai la kienyeji. Mabaki ya sare, ya bluu na ya kijani, aliyakata vipande sawa vya upana wa vidole vitatu, akashona zulia. Kreti mbili za soda zilizopasuka zikawa meza. Ipyana alikata mianzi mtoni, wakatengeneza rafu, na Sekela akamwambia aibomoe na kuirudia mara mbili kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa umelala kidogo. Ipyana alisema, "Mke wangu, hata mlima wenyewe umelala upande." Akairudia hivyohivyo.

Jambo moja lilibaki kumsumbua. Katika picha zake zote hapakuwa na chumba kilichokatwa katikati. Vyote vilikuwa wazi; mwanga uliingia kwa dirisha la mbele ukatokea kwa dirisha la nyuma. Alhamisi ya tarehe ishirini na tano alilishusha pazia ajaribu kuona. Sebule ikawa mara mbili. Mwanga wa dirisha la nyuma ukafika hadi kwenye zulia, na rangi ya ukuta, ile aliyoihangaikia kwa vijiko, ikaonekana kwa mara ya kwanza kama alivyoitaka. Hakungoja. Aliling'oa na waya wake, akaikata ile sehemu iliyoungua, na kitambaa kilichobaki akashonea foronya za mito minne.

Jumamosi majirani walikuja kuona. Walisimama juu ya zulia wakigeuka geuka, wakashika ukuta kwa ncha ya kidole, wakauliza bei ya kila kitu, wakacheka walipoambiwa. Hakuna aliyeketi, waliogopa kuivuruga ile mito. Mmoja wao, Mama Gwantwa, muuza maziwa, mwanamke asiyeweza kuondoka mahali bila kusema neno, alitazama pale waya ulipokuwa.

"Na pazia mmelipeleka wapi, bibi? Kesho mkweo akifika utajificha nyuma ya sufuria?"

"Dunia imebadilika, Mama Gwantwa."

"Dunia, ndiyo. Mimi ninauliza juu ya mzee."

Wote walicheka, na Sekela alicheka nao. Alikuwa amejiwekea jibu: Baba akiingia, yeye atakuwa chumbani, na ataitikia kutoka nyuma ya mlango. Lakini hakuna mzee wa ukoo ule anayeweza kusema baraka akiuelekea mlango wa kitanda cha mwanawe. Hilo hata watoto wanalijua. Sekela naye alilijua, ila macho yake yalikuwa mahali pengine. Ipyana pia alilijua. Alitazama sebule ilivyokuwa kubwa, akamtazama mkewe alivyokuwa na furaha, akanyamaza. Msimcheke mwanamke huyu peke yake.

Jumapili mzee alifika saa sita na nusu mchana, katika manyunyu, na blanketi limekunjwa kwapani ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe. Alibisha hodi mara tatu. Ipyana alifungua mlango wote, kama mtu anayetaka nyumba yake ionekane. Mzee alivua kofia, akatia mguu mmoja ndani, akainua macho. Aliona kochi, zulia, meza, rafu iliyonyooka. Na hapohapo, bila kizuizi chochote, aliona masufuria ya mkazamwana wake, na kitanda kupitia mlango uliokuwa nusu wazi, na mkazamwana mwenyewe amesimama na mwiko mkononi, akiwa hatua nne mbali na chumba alichokusudia kukimbilia. Walitazamana. Ilikuwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, lakini macho hayana namna ya kurudisha yalichochukua.

Mzee aliurudisha mguu wake nje. Aliwapa mgongo, akaketi kwenye tofali chini ya upenu, uso wake barabarani. Ipyana alichukua shuka kitandani akataka kulitundika, lakini hapakuwa na waya, na hata ungekuwapo, aliyekwisha kuona hawezi kujifanya hakuona. Alimpelekea baba yake chakula huko nje. Mzee alinawa, akala matonge mawili ili asiwatie watu aibu mbele ya wapita njia, akakohoa, akasukuma sahani taratibu. Manyunyu yalikuwa yakimpiga magotini. Kisha akasema bila kugeuka, kwa sauti ambayo yule wa ndani angeisikia:

"Mwanangu, mwambie mwenye nyumba, nyumba yake ni nzuri mno. Ila mahali pangu sikupaona."

Aliinuka, akavaa kofia. Blanketi lilikuwa bado kwapani alipoishika njia ya bondeni, na Ipyana alimsindikiza akiwa nyuma yake kwa hatua tatu.

Sekela alibaki ameketi sakafuni, si kwenye zulia, pembeni yake. Hakulia mara moja. Kwanza alifanya kama ilivyo tabia yake: alitafuta kosa. Alitoa simu, akazifungua zile picha moja baada ya nyingine, tangu ya kwanza, akitafuta ni ipi iliyomdanganya. Hakuna iliyomdanganya. Rangi zilikuwa zilezile, madirisha yaleyale, mito imesimama kwa pembe zake. Alipofika kama ya sitini ndipo alipoona, akarudi mwanzo kuhakikisha, na alipozimaliza zote alikuwa na hakika. Katika picha mia na arobaini na mbili hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtoto, hapakuwa na mgonjwa, hapakuwa na mama anayemenya kitu, hapakuwa na mzee. Hapakuwa hata na kikombe kilichonywewa nusu. Alikuwa amekaa siku kumi na tisa akijifunza kupanga nyumba kwa watu ambao nyumbani mwao hamkuwa na anayekuja. Na yeye alikuwa na mmoja, tena aliijua siku yake na tarehe yake, akampimia kila kitu isipokuwa pa kukaa.

Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Sekela hakuketi kwenye cherehani. Simu aliiacha ndani. Alishuka bonde kwa njia ya nyuma, ile inayopita katikati ya migomba, akapanda ng'ambo ya pili, akatokea nyuma ya jiko la mama mkwe wake, upande ambao mzee hapiti. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda akimenya ndizi mbichi, na mbele yake lilikuwa beseni la maji yaliyokwisha kuwa meusi kwa utomvu. Alimtazama mkazamwana wake tangu kichwani hadi miguuni.

"Umelowa kama bata, mwanangu. Shika kisu, walio na mikono hawasimami."

Sekela alipiga magoti, akaamkia, akaitikiwa. Akashika kisu. Ndani ya nyumba mtu alikohoa, kikohozi kirefu, kikaisha. Alimenya ndizi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, akizitia majini moja moja bila kuzirusha. Ndipo akauliza lile ambalo kwa miaka minne hakuwahi kuliuliza, na ambalo mimi nawaulizeni ninyi mnaopamba nyumba, na ninyi mnaopamba kitu kingine zaidi ya nyumba:

"Mama, Baba akienda kwa watu, hupenda kukaa wapi?"